Mwongozo kamili wa kushona kipochi cha kitenge cha kicheza muziki

Kipochi cha kicheza muziki ni kazi ya mishono michache mifupi. Fundi aliyezoea kukata magauni ataona ni mchezo, na hapo ndipo kipochi kinapoharibika, kwa sababu atakikata kwa macho. Gauni likizidi sentimita moja kiunoni hakuna atakayejua. Kipochi kikizidi sentimita moja, kifaa kinachezacheza ndani na siku moja kitachomoka. Kikipungua milimita tatu, hakiingii kabisa. Kwa hiyo theluthi nzima ya mwongozo huu ni vipimo. Kushona kwenyewe, hata kwa mkono bila cherehani, hakumshindi mtu aliyewahi kubana pindo la suruali.

Mfano tutakaoutumia ni iPod classic. Apple iliacha kuitengeneza mwaka 2014 lakini bado iko mifukoni mwa baadhi ya watu, na ina mahitaji yote ya kipochi: mgongo wake ni wa chuma king'aavu kinachochubuka hata kwa funguo, na ndani yake kuna diski inayozunguka, isiyopenda kuanguka. Mwenye kicheza muziki kingine, redio ndogo ya memori kadi au hata simu ndogo ya vitufe, atatumia hesabu zilezile kwa vipimo vyake.

Kupima

Weka futi kamba pembeni. Futi kamba iliyotumika miaka miwili huwa imevutika, na upande wa inchi unamkaribisha mtu kukadiria. Chukua rula ya shule na usome milimita.

Unahitaji namba tatu: urefu, upana na unene. Unene ndio unaosahaulika. Ili kuupata vizuri, laza kifaa mezani, weka kitabu kigumu juu yake kisha pima kutoka mezani hadi chini ya kitabu. iPod classic ya kawaida ina urefu wa milimita 103.5, upana 61.8 na unene 10.5. Angalia hapa: ile ya gigabaiti 160 iliyotoka 2007 ina unene wa milimita 13.5, wakati ya gigabaiti 160 ya 2009 ni 10.5. Jina moja, ukubwa uleule wa kumbukumbu, unene mbalimbali. Usichukue kipimo cha mwenzako, pima chako.

Sasa hesabu ya kipande kimoja cha kukata (kipochi kina vipande viwili, cha mbele na cha nyuma):

Upana wa kukata = upana wa kifaa + unene + 8 + 20.
Urefu wa kukata = urefu wa kifaa + nusu ya unene + 3 + 20.

Ile 20 ni nafasi ya mshono, milimita 10 kila upande. Ile 8 ndiyo inayowashangaza watu. Kitambaa kinapozunguka kifaa, upande wa nje unasafiri safari ndefu kuliko wa ndani, kwa sababu katikati kuna tabaka la sufi au flizi (kitambaa laini cha manyoya kama cha blanketi). Kwa jumla ya unene wa kitambaa na flizi wa kama milimita 2.5, tofauti hiyo inafika karibu milimita 8 kwa kila kipande. Ukitumia blanketi nene zaidi, ongeza. Ukiamua kutoweka kitu katikati, punguza ibaki 3. Ile 3 ya kwenye urefu ni mdomo wa kipochi kupita kidogo juu ya kifaa.

Kwa iPod yetu: 61.8 + 10.5 + 8 + 20 ni 100.3, tunakata 100. Urefu ni 103.5 + 5.25 + 3 + 20, yaani 131.75, tunakata 132. Mwenye iPod touch ya mwaka 2019 (123.4 kwa 58.6 kwa 6.1) atapata 93 kwa 149.

Kabla hujagusa kitambaa, kata vipande viwili vya karatasi ngumu, boksi la viatu linafaa. Kimoja kiwe na kipimo cha kukata, kingine kiwe na kipimo bila nafasi ya mshono, yaani 80 kwa 112. Hicho cha pili kitakusaidia kuchora mstari wa kushonea mgongoni mwa kitambaa. Pembe mbili za chini zizungushe kwa kufuata ukingo wa kizibo cha soda. Pembe kali ya mraba inabaki na uvimbe ndani hata uipunguze vipi, na iPod yenyewe haina pembe kali.

Vitambaa na vifaa

Nje: kitenge cha pamba halisi. Kipande cha sentimita 25 kwa 25 kinatosha, kwa hiyo usinunue. Mwombe fundi yeyote mabaki yake. Kitenge cha waksi chenyewe kina rangi sawa pande zote mbili, na hicho ndicho kizuri, kwa sababu ukingo ukijitokeza hauonyeshi weupe. Kile chepesi chenye mgongo uliofifia kinafaa pia, ila ni lazima ukibandike kitambaa cha gundi ndiyo kipate mwili. Jinzi ya mtumba ni imara kuliko vyote, lakini chagua sehemu ya paja, ambako haina mishono mizito, na ongeza milimita 2 kwenye upana.

Kanga nayo inapendeza, lakini ni nyepesi na jina lake ni mtihani. Maandishi ya kanga yamekusudiwa yasomwe mtu akipita, si yakae kwenye uso wa sentimita nane. Ukikata bila kupanga utabaki na nusu neno mbele, na nusu neno kwenye kanga linaweza kusema jambo ambalo hukutaka kulisema. Chagua neno moja fupi linaloingia lote, au achana na jina, ukate kwenye pindo.

Bitana: pamba nyepesi na laini, kama shati kuukuu. Usitumie flizi wala sufi kama tabaka linalogusa kifaa. Vumbi la nyuzi zake linajikusanya kwenye tundu la hedifoni na la chaji, linashindiliwa kila unapochomeka waya, na mwisho waya haushiki. Watu wanadhani tundu limekufa, kumbe ni blanketi.

Katikati: flizi ya milimita 2 hivi, kutoka blanketi jembamba au sweta la mtumba. Sponji ya mafundi viti inavutia, lakini ya milimita 5 ni nene mno kwa kipochi kidogo, na baada ya miaka michache inakuwa unga.

Vingine: kitambaa cha gundi cha kubandika kwa pasi, kile kinachowekwa kwenye kola za mashati (kipande cha sentimita 5 kwa 7), mpira wa duara wa milimita 2, urefu sentimita 5.5, kifungo kimoja cha milimita 15, uzi wa poliesta, pini, chaki au kalamu ya risasi, mkasi wa nguo na mwingine mdogo wenye ncha. Sindano ya cherehani iwe namba 90/14 kwa kitenge, 100/16 kwa jinzi. Anza na sindano mpya.

Watu wataulizia zipu, velkro na sumaku. Zipu kwenye mfuko mdogo hivi meno yake hukwaruza kifaa kila kinapoingia na kutoka, na chuma cha mgongo wa iPod hakisamehe. Velkro inashika vizuri kwa miezi michache kisha inajaa nyuzi, tena inavuta vinyweleo vya flizi na bitana. Vifungo vya sumaku ni vizuri kwa mkoba wa kina mama, lakini kipochi hiki kitakaa mfuko mmoja na kadi ya benki, na ukanda mweusi wa kadi haupatani na sumaku. Kifungo na kitanzi cha mpira havina ugomvi na mtu.

Kufua kwanza

Fua kitenge na bitana kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, anika, kisha piga pasi. Si suala la usafi. Pamba mpya inaweza kurudi asilimia 3 hadi 5 ikiguswa na maji. Kwenye kipande cha milimita 112, asilimia 4 ni zaidi ya milimita 4, yaani ule mwanya wote uliouhesabia kifaa unapotea siku kipochi kinapofuliwa kwa mara ya kwanza. Kitenge kipya pia kina wanga unaokifanya kionekane kigumu. Baada ya kufua ndipo utajua mwili wake wa kweli. Kama kina rangi nyekundu au bluu iliyokolea, sugua kipande cheupe kilicholowa juu yake. Kikichafuka, rudia kufua mpaka kisichafuke.

Kukata

Utakata hivi:

- kitenge: vipande 2 vya 100 kwa 132, pembe za chini zikiwa za duara;
- bitana: vipande 2 vilevile;
- flizi: vipande 2 vya 84 kwa 112, pembe za chini za duara;
- ulimi wa kufungia: kitenge kipande 1 na bitana kipande 1, vya 65 kwa 80;
- kitambaa cha gundi: kipande 1 cha 45 kwa 60.

Fuata mwelekeo wa nyuzi: urefu wa kipochi uwe sambamba na ukingo uliofumwa wa kitenge. Ukikata kwa mshazari kipochi kitavutika na kujinyonga kama soksi. Kama maua ya kitenge yana juu na chini, hakikisha vipande vyote viwili vinatazama juu. Na kumbuka ulimi utakunjwa kuja mbele, kwa hiyo maua yake yanapaswa kukatwa yakitazama chini ukiupima ukiwa umesimama.

Bitana inakatwa sawa na kitenge ingawa inakaa ndani na inatakiwa iwe ndogo. Tutaipunguza kwenye kushona. Ni rahisi kuliko kubeba violezo vya saizi mbili vilivyopishana milimita 4, ambavyo lazima utavichanganya.

Ulimi

Bandika gundi mgongoni mwa kitenge cha ulimi, katikati, ikiacha milimita 10 kila upande. Upande wenye chembechembe zinazong'aa ndio unaotazama kitambaa. Weka kitambaa chepesi juu yake, kandamiza pasi kwa sekunde 10, inua, hamia pengine. Usiburute pasi, gundi itahama na kujikunja. Kama unatumia pasi ya mkaa, kile kitambaa cha juu ni lazima, maana chembe moja ya majivu kwenye gundi haitoki tena.

Kunja mpira wa duara uwe kitanzi, ncha zake mbili zikiwa pamoja, na uushikize kwa bandi (mshono wa muda wa kwenda mbele tu) katikati ya upande mfupi wa ulimi, juu ya uso wa kitenge. Tumbo la kitanzi litazame ndani, ncha zifike ukingoni. Wengi wanaweka kinyume, kitanzi kikitoka nje, na baada ya kugeuza wanakikuta kimefungiwa ndani ya ulimi.

Laza bitana ya ulimi juu, uso kwa uso. Shona pande tatu kwa milimita 10, ukiacha wazi upande wa juu ambao utaingia kwenye kipochi. Unapopita juu ya mpira, rudi nyuma na mbele mara mbili. Punguza pembe za ziada kwa mshazari, ukiacha milimita 2 tu kabla ya uzi, kisha punguza nafasi ya mshono ibaki milimita 4. Geuza, toa pembe kwa kijiti cha mshikaki au ncha butu ya kalamu (si mkasi, utatoboa), piga pasi, kisha pitisha mshono wa juu milimita 2 kutoka ukingoni. Ulimi uliokamilika una upana wa 45 na urefu wa 60, pamoja na milimita 10 za mzizi.

Ulimi unakaa wapi

Mdomo wa kipochi una upana wa milimita 80 na ulimi ni 45. Hatuuweki katikati. iPod classic ina tundu la hedifoni juu, pembeni, na kichwa cha waya kinasimama karibu sentimita mbili juu ya kifaa. Ulimi ukipita hapo, hutaweza kusikiliza kipochi kikiwa kimefungwa. Kwa hiyo tunausogeza, tunaacha milimita 25 wazi upande wa tundu na 10 upande wa pili.

Hapa wanaharibu hata wazoefu. Ulimi unashonwa kwenye kipande cha nyuma, na kipande cha nyuma ukikilaza mezani uso juu unakuwa unakitazama kwa nyuma. Kulia kumekuwa kushoto. Kama tundu liko kulia ukitazama kioo, basi kwenye kipande cha nyuma nafasi kubwa iwe kushoto kwako. Ukihesabu na nafasi za mshono, ulimi unaanza milimita 35 kutoka ukingo wa kushoto na unaishia milimita 20 kabla ya ukingo wa kulia. Usiamini kichwa chako. Weka kifaa chenyewe juu ya kitambaa, kioo kikitazama meza, na uone tundu liko wapi.

Mwenye iPod touch au iPod nano ya saba ana tundu chini, si juu. Kifaa chake kitaingia kichwa chini. Haina ubaya wowote, ila pima nafasi ya ulimi kifaa kikiwa kimegeuzwa vivyo hivyo.

Shikiza ulimi kwa bandi kwenye ukingo wa juu wa kipande cha nyuma, uso wa ulimi ukigusa uso wa kitenge, kitanzi kikining'inia kuelekea chini.

Kuweka flizi

Laza flizi mgongoni mwa kila kipande cha kitenge, ikianza milimita 12 chini ya ukingo wa juu. Pembeni itakuwa milimita 8 kutoka ukingo, yaani mshono wa milimita 10 utaikamata kwa milimita 2 tu. Hicho ndicho tunachotaka: ishikwe, lakini isiongeze unene kwenye mshono. Ukiifikisha hadi ukingoni, pembe zitakuwa na tabaka nyingi mno na sindano itagoma.

Pitisha mishono miwili mirefu ya kusimama, kila mmoja sentimita 3.5 kutoka ukingo wa pembeni, ikishika kitenge na flizi, ulimi ukiwa umeinuliwa juu usishikwe. Tumia hatua (urefu wa pigo moja la uzi) ya milimita 3 na upande wa kitenge uwe juu. Bila mishono hiyo flizi itaporomoka chini baada ya wiki chache na mdomo utabaki mtupu. Kama kitenge kina mistari, ifuate hiyo. Mshono utapotea machoni.

Kuunganisha

Njia inayofundishwa sana ni kushona mfuko wa nje, kushona mfuko wa bitana, kuuingiza mmoja ndani ya mwingine, kisha kuzungusha mshono mdomoni. Kwa mkoba ni sawa. Kwa mdomo wenye mzingo wa sentimita 16, kwenye cherehani ya meza kama Singer au Butterfly za kukanyaga, ni mateso: hakuna mkono mwembamba wa kuvalisha mfuko. Tunaanza na mdomo kwanza, kazi ikiwa bado imelala.

Chukua kipande cha mbele cha kitenge na bitana moja, uso kwa uso, shona ukingo wa juu peke yake kwa milimita 10. Fanya vivyo hivyo kwa kipande cha nyuma, ulimi ukiwa katikati ya tabaka kama nyama kwenye sambusa. Fungua kila kimoja kiwe ukanda mrefu wa milimita 244, nusu kitenge nusu bitana, na upige pasi nafasi ya mshono ielekee upande wa bitana.

Sasa laza kanda hizo mbili uso kwa uso, kitenge juu ya kitenge, bitana juu ya bitana. Ulimi uelekeze upande wa kitenge, ndani, mbali na mishono. Panga mishono ya mdomo ikutane sawasawa na uichome pini pande zote mbili. Pini mbili hizi ni muhimu kuliko nyingine zote, kwa kuwa mishono ikipishana hata milimita 2 mdomo utakuwa na ngazi inayoonekana mbele kabisa.

Mguu wa cherehani kwa kawaida una milimita 6 au 7 kutoka sindano hadi ukingo, kwa hiyo usiutumie kama kipimo. Pima milimita 10 kutoka sindano kwa rula, bandika kipande cha selotepu kwenye bamba, na ukingo wa kitambaa ufuate hapo. Hatua ya uzi iwe milimita 2.5.

Anza chini ya bitana, pembeni mwa uwazi wa sentimita 5 utakaoacha kwa ajili ya kugeuzia. Rudi nyuma mara tatu ili uwazi usifumuke. Chini ya bitana shona kwa milimita 14, pembeni mwa bitana kwa milimita 12; ukibakiza sentimita 2 kufika mdomoni, punguza polepole hadi 10. Pita mdomoni, endelea na kitenge kwa milimita 10 kuzunguka chini yote, panda upande wa pili, vuka mdomo, kisha taratibu rudi kwenye 12. Kwa njia hiyo bitana imekuwa ndogo kuliko nje kwa milimita 4 za upana na 4 za urefu, na haitajikunja ndani kama soksi iliyoteleza kiatuni.

Kwenye vipinda usivute kitambaa. Simamisha cherehani sindano ikiwa chini, inua mguu, geuza kidogo, shusha, shona pigo mbili, rudia.

Kabla hujageuza, pima upana wa kitenge kati ya mishono miwili ya pembeni, maana kifaa chenyewe hakipiti kwenye uwazi wa sentimita 5. Ukiwa milimita 80 kwa iPod yetu, uko sawa. Ukipungua, fumua upande mmoja ushone kwa milimita 9. Ukizidi, shona mstari mwingine milimita 1 ndani ya ule wa kwanza. Marekebisho haya sasa ni dakika tano. Baada ya kugeuza ni kazi ya kuanza upya.

Kata vijino kwenye vipinda vya chini, kila baada ya milimita 5, ukiacha milimita 2 kabla ya uzi. Punguza nafasi ya mshono wa kitenge ibaki 6. Ya bitana iache.

Geuza kupitia uwazi. Kabla hujauziba, fanya jambo moja ambalo vipochi vingi vya dukani havina: ingiza vidole, shika nafasi ya mshono wa chini ya bitana na ya chini ya kitenge, na uziunganishe kwa mapigo matatu au manne ya sindano ya mkono, yaliyolegea kidogo. Bila hivyo, kila ukichomoa kifaa bitana inatoka nacho kama ulimi wa mbwa mwenye kiu.

Ziba uwazi kwa mkono, rudisha bitana ndani, piga pasi mdomo. Zungushia mdomo mshono wa kurudi nyuma kwa mkono, milimita 5 chini ya ukingo, mapigo ya milimita 3. Unashika kitenge, flizi na bitana kwa pamoja, na mdomo unabaki umesimama. Kwenye cherehani yenye mkono mwembamba unaweza kujaribu kwa mashine, lakini kwa mkono ni robo saa na unaonekana nadhifu zaidi.

Kifungo

Kifungo kinashonwa mwisho, kifaa kikiwa ndani. Funika ulimi mbele, vuta kitanzi kidogo tu, kama nusu ya uwezo wake, na uweke alama ya chaki ndani ya tumbo lake. Ukivuta mpira hadi mwisho utalegea upesi. Usipovuta kabisa kifungo kitajiachia. Toa kifaa. Shona kifungo kupitia kitenge na flizi peke yake, mkono mmoja ukiwa ndani ya kipochi kuhakikisha hushiki bitana: fundo la uzi ndani litakwaruza kioo. Weka kijiti cha kiberiti kati ya kifungo na kitambaa unaposhona, ukitoe, kisha zungusha uzi mara tano chini ya kifungo kabla ya kufunga. Mpira unahitaji shingo hiyo ya kukalia.

Yanayoharibika, na sababu zake

Cherehani ikiruka mapigo kwenye pembe, mara nyingi sindano ni nyembamba au imechoka. Badilisha kabla ya kugusa kaza-legeza ya uzi. Uzi ukijikunja vitanzi upande wa chini, basi uzi wa juu haujakaa kwenye kikaza. Inua mguu, toa uzi wote, upitishe upya. Wengi hukaza skrubu ya bobini na kuongeza tatizo la pili juu ya la kwanza.

Kipochi kikikaza katikati lakini kulegea juu na chini, mshono wako wa pembeni umepinda kuelekea ndani. Ni mkono uliosukuma kitambaa badala ya kukiongoza. Kikijinyonga, vipande viwili havikukatwa kwa mwelekeo mmoja wa nyuzi, na hakuna dawa ila kukata vingine. Ulimi ukiegemea upande mmoja, tazama mzizi: bandi ilihama wakati wa kushona mdomo. Fumua sentimita 6 za mdomo, nyosha, shona.

Anayeshona kwa mkono wote atumie mshono wa kurudi nyuma, mapigo ya milimita 2 hadi 3, uzi mmoja uliopakwa nta ya mshumaa. Atenge saa tatu au nne. Mshono wa kwenda mbele tu, ule wa bandi, utaachia pembeni, kwa kuwa kila kifaa kinapoingia kinasukuma mshono ufunguke.

Na usichaji kifaa kikiwa ndani. Flizi iliyokilinda na mchubuko ndiyo inayozuia joto kutoka, na Apple yenyewe imeweka nyuzi 35 za Selsiasi kama kikomo cha joto la mazingira ya kutumia iPod. Dar es Salaam mwezi Februari, hujawasha hata gari, umeshakaribia hapo. Kukifua kipochi, tumia maji baridi na mkono, kamua kwa kukandamiza ndani ya taulo, kisha kianike kivulini kikiwa kimejazwa karatasi iliyokunjwa kwa saizi ya kifaa ili kikauke na umbo lake.